Nasaba ya Kucha za Chuma

Nchi ya Mirindwa ilikuwa mlima mmoja tu, na kila kitu ndani yake, kuanzia cheo cha mtu hadi bei ya maji, kilipimwa kwa umbali wake kutoka kileleni. Huko juu, mahali ambapo mawingu yalipita chini ya madirisha na mvua iliwanywesha wenye bustani kabla ya kuwakumbuka wengine, ulikaa mji wa Uluwani, mji wa vioo na mazulia, makao ya Baraza la Mikono Safi. Wajumbe wa Baraza hilo walikuwa watu wa sauti laini na shingo nene, waliovaa glovu nyeupe tangu waamkapo hadi walalapo. Walikula nazo, wakapeana nazo mikono, wakawabariki nazo watoto wa shule siku za sherehe. Aliyewaongoza, Mlezi Mkuu Bokolani, alisemekana kwamba hajagusa kitu chochote kwa ngozi yake tangu aliposhika madaraka, hata uso wa mkewe.

Chini, miguuni pa mlima, ulitandaa mji wa Fuaweni, mji wa moshi na nyundo, ambako hata ndoto za watu zilikuwa na mlio wa tanuri ndani yake. Kati ya miji hiyo miwili ilipanda reli moja, imejikunja ubavuni mwa mlima kama kovu la mjeledi. Treni ilipeleka juu mchele, nyama na watumishi, ikarudi chini na amri. Na katika mteremko ule mkali treni haikushikwa na kitu kingine ila kucha: vipande vya chuma cheusi, ukubwa wa kiganja, vilivyouma reli dereva alipovuta mkono wa breki. Kucha za Mirindwa zilisifika dunia nzima. Kila nchi yenye mlima na treni ilizinunua, na kwa fedha hizo Uluwani iliendelea kung'arisha vioo vyake.

Chuma cha kucha kilitokana na madini yaliyoitwa zulati. Zulati njema, nzito na yenye moyo mgumu, ilichimbwa katika Mgodi wa Mwangaza, fahari ya taifa, uliochorwa hata kwenye stempu za posta. Zulati nyingine, rahisi kuchimbika na rahisi kuvunjika, ilitoka bonde la Gomoroka. Bonde hilo halikuwamo katika ramani; mahali pake palipakwa rangi ya kijivu na kuandikwa maneno "kivuli cha mlima". Waliokaa humo kivulini hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa wala vya kufa. Babu zao walitupwa huko kwa kosa ambalo hakuna aliyelikumbuka tena, na wajukuu waliendelea kulitumikia kwa sururu.

Habari za Gomoroka zilipovuka mipaka, wanunuzi wa ng'ambo walipanda Uluwani, wakaketi katika viti vya mahameli, wakasema kwa adabu nyingi kwamba hawatanunua tena ukucha wowote mpaka waonyeshwe ulikozaliwa. Walisema hawawezi kuuza kitu kilichotoka mikononi mwa watumwa. Au, kama mmoja wao alivyofafanua baada ya kinywaji cha pili, hawawezi kuuza kitu kinachojulikana kwamba kimetoka huko.

Ndipo akaitwa Tulavi.

Tulavi alikuwa binti wa Fuaweni. Wazazi wake walikufa kwa moshi wa viwandani angali mdogo, akalelewa na kaka yake Harundi, dereva wa treni ya mlimani, aliyejinyima nguo na hata mke ili mdogo wake asome mpaka shule za juu za Uluwani. Huko alibobea katika hesabu, zile za kufunga maneno ili asiyehusika asiweze kuyafungua wala kuyabadili. Baraza lilipomtaka atafute njia ya kuthibitisha asili ya kila ukucha, alikubali kabla hawajamaliza kumweleza. Si kwa kuwapenda. Aliamini kwamba siku ambayo chuma cha Gomoroka hakitauzika popote duniani, hakutakuwa tena na sababu ya kuwaweka watu wa Gomoroka shimoni.

Alichokitengeneza alikiita nasaba. Zulati ilipotoka mgodini ilipewa namba. Tanuri lililoiyeyusha lilisokota namba yake ndani ya ile ya mgodi, kiwanda kilichoifua kikasokota yake ndani ya ile ya tanuri, na hivyo hivyo hadi dukani, kwa namna ambayo mtu akijaribu kuchomoa uzi mmoja, au kuuchovya rangi nyingine, kamba nzima ilifumuka hadharani. Mwisho wa yote ilibaki alama moja ndogo, iliyochongwa kila sehemu ya ukucha. Mnunuzi aliielekezea kioo chake kidogo cha kukagulia: nasaba ikiwa halali kioo kiligeuka kijani, na mgeni akiwa amejipenyeza popote njiani kiligeuka cheusi. Tena, kwa kuwa wenye viwanda hawakupenda washindani wajue wananunua kwa nani, Tulavi aliongeza ufundi uliowaacha walimu wake vinywa wazi: kioo kiliweza kuhakikisha kwamba ukucha una baba halali bila kumtaja baba mwenyewe.

Waziri wa Nasaba aliyeteuliwa kuisimamia kazi hiyo aliitwa Dachengo, mtu mwembamba kati ya wanene, mwenye tabia ya kuzipanguza glovu zake kwa kitambaa kila anapomaliza kusema. Alimwita Tulavi ofisini, akamkaribisha kiti.

"Binti yangu, kila nyumba nzuri ina mlango wa nyuma," alisema. "Na sisi tuwekee mmoja. Mdogo tu, wa dharura."

"Ikiwa na mlango wa nyuma haitakuwa nasaba tena, Mheshimiwa. Hata mimi mwenyewe nimejifungia nje."

Dachengo alimtazama, kisha akaangua kicheko cha mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. "Vizuri sana," akasema. "Vizuri mno. Usiweke."

Tulavi alitoka pale kifua mbele, akiamini kwamba amemshinda waziri. Alikuja kuelewa alichochekewa siku ya uzinduzi, pale Mgodi wa Mwangaza, ambako namba ya kwanza ya taifa ingegongwa mbele ya wanunuzi na bendi ya shaba. Alifika mapema akazunguka nyuma ya jukwaa. Huko, katika njia iliyotokea upande wa kijivu wa mlima, mikokoteni iliyofunikwa turubai ilikuwa ikiingia mgodini kwa mlango wa uani, magurudumu yakilia kwa uzito. Na kwa mlango wa mbele, ule wenye maua na bendera, mikokoteni ile ile ilikuwa ikitoka, turubai zimeondolewa, ikisubiri namba na makofi. Ndani ya Mwangaza hapakuwa na mlio wa nyundo hata moja. Mgodi ulikuwa umekauka kama fuvu.

Alimsogelea Dachengo, akamnong'oneza. "Mheshimiwa, mikokoteni inaingia mgodini ikiwa imejaa."

"Na inatokaje?"

"Imejaa."

"Basi hakuna kilichopotea." Dachengo alikuwa akitabasamu kuelekea kwa wageni. "Hebu nifundishe, maana mimi si mtu wa hesabu. Namba yako inapogongwa pale mlangoni inadanganya?"

"Namba inasema mzigo umetoka katika mlango huu."

"Na haukutoka?"

"Umetoka."

"Sasa uongo uko wapi, binti yangu?"

Tulavi aliujua ulipo. Ulikuwa nyuma ya jukwaa, katika hatua zile chache kati ya mlango wa uani na mlango wa maua, ambako hesabu zake hazikufika kwa sababu zilianza kuhesabu pale tu binadamu alipofungua kinywa na kusema, "Huu ni wa Mwangaza." Lakini bendi ilikuwa imeanza kupiga, wanunuzi wamesimama, na Mlezi Mkuu Bokolani ameinua mkono wake mweupe akiapa kwa sauti nzito kwamba kila ukucha wenye alama hii ni mwana wa Mwangaza, na kwamba yeye ndiye mdhamini wake. Kisha Tulavi aliitwa mbele akavalishwa nishani. Aliinamisha shingo ikavalishwa. Alijiambia kwamba atalisema jambo lile baadaye, mahali panapofaa, kwa mtu anayefaa. Na mahali hapo hapakupatikana, kwa kuwa hakupatafuta sana.

Biashara ilichanua. Kile kilichokuwa kikiuzwa kwa kificho sasa kiliuzwa kwa tarumbeta, na kwa kuwa zulati ya Gomoroka ilikuwa imepata baba, haikuwa tena na sababu ya kuchimbwa kwa kiasi. Mahabusu wa Fuaweni walianza kupotea magerezani. Ilisemwa kwamba wamehamishiwa mahali penye hewa nzuri.

Harundi hakuyajua hayo. Dada yake alipomtembelea alimkuta akikaanga samaki uani, shati limejaa masizi ya treni, naye alimpokea kwa shangwe kana kwamba yeye ndiye aliyevalishwa nishani.

"Wenzangu wananiita shemeji ya serikali," alisema akicheka. "Leo tumefungiwa kucha mpya, zote kijani tupu. Eti mdogo wangu, kijani kikiwa kijani, mimi nikae kwa amani?"

Samaki walikuwa wakichirizika mafuta. Tulavi aliona neno likimjia hadi kwenye ulimi, akaona pia uso wa kaka yake, ule uso uliokuwa umejinyima kila kitu ili siku kama hii ifike.

"Kaa kwa amani, kaka," akasema.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko treni ya Harundi ilipoanguka. Ilikuwa ikishuka imejaa wapishi na madobi wa Uluwani waliokuwa wakirudi makwao, na wanafunzi, na akina mama waliokwenda kuuza mboga kwenye milango ya nyuma ya wakubwa. Pale Kona ya Ulimi, mahali reli inapojitokeza juu ya utupu, Harundi alivuta breki. Kucha ziliuma reli, zikalia, kisha zikapasuka zote kwa pamoja kama biskuti. Injini ilibamiza mwamba ikamtupa dereva kando ya njia, nyonga imevunjika. Mabehewa yaliendelea na safari yao hewani, yakatumbukia chini, mle katika rangi ya kijivu ya ramani.

Redio ya taifa ilisoma majina ya waliokufa kwa sauti ya huzuni iliyofanyiwa mazoezi. Haikusema yale mabehewa yaliangukia nini. Jioni yake ikatangaza kwamba dereva amekamatwa: alibadilisha kucha halali za taifa kwa kucha za magendo, akatia tofauti ya bei mfukoni. Harundi alibebwa kutoka hospitali kwa machela, akalazwa kwenye sakafu ya gereza la Fuaweni, nyonga yake ikiwa imefungwa kwa kipande cha gunia.

Dachengo hakumwita Tulavi safari hii. Alimfuata mwenyewe nyumbani kwake.

"Wanunuzi wanataka kucha zilizovunjika zipimwe hadharani," alisema akiwa bado mlangoni. "Nataka kioo kiwe cheusi. Kikiwa cheusi, tutasema maadui ndio waliotuingizia, kaka yako alidanganywa tu. Atakaa ndani kidogo, atatoka, atatibiwa. Kikiwa kijani..." Alitoa kitambaa akapanguza glovu zake.

"Nilikwambia hakuna mlango wa nyuma."

"Basi toboa ukuta."

Na uchungu wake ni kwamba Tulavi alijaribu. Kwa ajili ya Harundi alijifungia na hesabu zake, akazigonga kila upande kama mwizi anayeipapasa nyumba aliyoijenga mwenyewe, akitafuta ufa, jiwe lililolegea, kosa la ujana. Alikuwa amejenga vizuri mno. Alipotoka kwenda uwanjani macho yake yalikuwa mekundu, na mikononi hakuwa na kitu ila kioo.

Uwanja wa Fuaweni ulifurika mpaka juu ya mapaa. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vipande vya kucha vilivyookotwa kwenye reli. Wanunuzi walikaa kivulini, mbele yao mkuu wao, Bwana Lethren, mzee mkavu aliyekuwa na kikohozi kifupi. Harundi aliletwa kwa machela. Alimwona dada yake akajaribu kutabasamu.

Tulavi alielekeza kioo kwenye kipande cha kwanza. Kijani. Cha pili, kijani. Aliendelea mpaka mwisho wa meza, na kila kipande kilikuwa kijani.

"Kwa hiyo ni halali," alisema Bwana Lethren. "Kilichoua ni kitu halali."

"Kioo kimekosea!" Dachengo aliruka. "Hizi ni kucha za bandia zilizokihadaa kioo!"

Bwana Lethren alikohoa. "Mheshimiwa Waziri, kama hizi zimekihadaa, basi ngapi kati ya zile zilizofungwa kwenye treni zetu zimekihadaa pia? Chagua moja. Ama hizi ni zenu, ama hakuna hata moja mliyowahi kutuuzia ambayo tunajua ni ya nani."

Hapo mama mmoja muuza mboga, ambaye bintiye alikuwa katika behewa la kwanza, alipenya hadi mbele. Alikuwa na kipande cha ukucha alichokiokota mwenyewe chini ya Kona ya Ulimi. Alikiweka mbele ya kioo mkononi mwa Tulavi, kikawa kijani, kisha akamtupia waziri miguuni.

"Chukua mwanao," akasema. "Kioo kinasema ana baba. Mchukue."

Nyuma yake alikuja mwingine, na mwingine. Watu walitoa vipande mifukoni, kwenye vikapu, kwenye mafundo ya kanga, na kila kimoja kilipopita mbele ya kioo kiling'aa kijani kibichi kama majani ya mvua ya kwanza, na kila kimoja kilirushwa kwa sauti ile ile: chukua mwanao. Dachengo alirudi nyuma hatua kwa hatua akilinda uso wake kwa glovu, akaingia katika treni iliyokuwa kituoni, akaamuru apandishwe Uluwani mara moja. Kupanda hakuhitaji breki.

Treni hiyo haikushuka siku hiyo wala zilizofuata. Dereva aliyempandisha waziri aliiacha kileleni akarudi Fuaweni kwa miguu, na madereva wenzake wakaapa kwamba hakuna atakayegusa mkono wa breki ya Mirindwa. Wanunuzi nao walibaki Fuaweni, wakapeleka neno moja tu juu: aliyeapa kwa ajili ya kucha hizi ni Mlezi Mkuu, basi na ashuke kwa treni yake, kwa kucha zake, aje arudie kiapo hapa mbele yao. La sivyo watazirudisha zote.

Hakimu alimwona Harundi hana hatia. Alisema hivyo kwa kunong'ona, akaongeza kwamba, kwa bahati mbaya, mahabusu wa Mlezi Mkuu haachiwi ila kwa sahihi ya Mlezi Mkuu mwenyewe. Tulavi alikwenda gerezani. Kidonda cha kaka yake kilikuwa kimeanza kunuka.

"Ulijua?" Harundi alimuuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia saa.

Tulavi aliitikia kwa kichwa.

Harundi aligeuza uso kuelekea ukutani. "Nenda basi," akasema. "Kama unakwenda, nenda."

Kwa miguu njia ya kupanda Uluwani kuitafuta sahihi ile ilikuwa moja, na ilipita Gomoroka. Tulavi aliingia katika rangi ile ya kijivu akakuta kwamba ina rangi zote: udongo mwekundu, nguo zilizoanikwa, matuta ya viazi, watoto wenye vumbi jeusi la zulati kwenye kope. Chini ya Kona ya Ulimi mabehewa yalikuwa bado yamelala yalipoangukia. Mama mmoja wa makamo, Kwezile jina lake, aliyeshika mkono wa mjukuu wake, alimsimamisha.

"Watokea Fuaweni? Huko redio imesoma majina?"

"Ya waliokuwa ndani ya treni, mama."

"Na ya waliokuwa chini yake?"

Tulavi alitazama behewa lililokuwa karibu. Chini ya ubavu wake ilitokeza pembe ya paa la nyasi, na mlango mdogo uliofunguka nusu. Kwezile alikiona kioo kiunoni mwake.

"Ndiye wewe."

"Ndiye mimi."

Yule mama hakumtukana. Alimwonyesha njia, iliyopita kando ya shimo ambalo, tangu kioo kije, lilikuwa limezama hadi jua lisifike. Kisha akamletea maji ya kunywa katika kopo. Tulavi aliyanywa. Angependa zaidi kutemewa mate.

Uluwani alikuta bustani zimejaa magugu. Mchele haukuwa umepanda tangu treni igome, madobi walikuwa wameondoka, na wajumbe wa Baraza walizurura mitaani katika glovu zenye madoa ya supu, wakiificha mikono nyuma kila walipokutana. Bokolani alikuwa kituoni, peke yake kando ya treni, mzee mrefu aliyesimama wima kama aliyesahau namna ya kukaa. Ndani ya chumba cha dereva aliketi Dachengo, kijasho kikimtoka. Yeye ndiye aliyeamriwa kuendesha.

"Zitashika?" Bokolani aliuliza kabla ya salamu.

Tulavi alielekeza kioo kwenye ukucha wa gurudumu la mbele. Kijani.

"Hilo naliona!" Sauti yake ilipasuka. "Nakuuliza wewe. Hizi ni za Mwangaza, za zamani, au ni za..." Hakulimalizia jina. Katika maisha yake hakuwahi kulitamka.

"Sijui, Mtukufu. Hesabu zinaanzia mlangoni. Nyuma ya mlango palikuwa na neno lako tu, na neno lako ndilo nililolifunga lisibadilike."

Bokolani aliyatazama magurudumu. "Wakiona nimeshuka kwa miguu, hakuna atakayenunua kitu chetu tena."

"Njia ya miguu ipo. Nimekuja nayo. Inapita kwa watu."

"Watu gani?"

"Wa Gomoroka."

Mlezi Mkuu aligeuka akaitazama ile njia nyembamba ilivyozama kivulini, akaitazama muda mrefu, na kitu fulani usoni mwake kikataka kufunguka, kisha kikajifunga. "Huko siwezi," akasema. "Tangulia uwaambie wanunuzi nashuka na treni. Wewe watakuamini."

"Kaka yangu kwanza."

Karatasi ilikuwa tayari mfukoni mwa Tulavi. Kalamu iliteleza katika vidole vya glovu, mara ya kwanza, mara ya pili. Hatimaye Bokolani aliivua glovu ile kwa meno. Mkono uliotoka ulikuwa mweupe na laini na wenye mikunjo, kama wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Alitia sahihi, na alipokwisha aliuinua ule mkono karibu na macho yake, akaushangaa.

"Na ukifika nusu ya njia," alisema bila kumtazama, "usisimame chini ya kona."

Tulavi alishuka karibu anakimbia, karatasi kifuani ndani ya nguo, akiwaza gereza na gunia na ile harufu. Jua lilikuwa utosini alipoingia tena Gomoroka. Hakuwa amefika hata kwenye mabehewa aliposikia honi ya treni juu mlimani, ndefu, ya mtu asiyezoea kuipiga. Bokolani na Dachengo hawakumsubiri afike Fuaweni.

Bonde lote lilisikia. Sururu zilinyamaza, kwanza za juu, halafu za ndani ya shimo, na watu walianza kutoka ardhini wakiwa weusi kwa vumbi, wakasimama wameinua nyuso. Akina mama waliokota watoto. Kwezile alimbeba mjukuu wake, akawaita majirani kwa mkono, wakawa wanasogea kimya kuelekea kwenye majabali ya upande wa pili, kama watu ambao wamekwisha kufanya hivyo kabla.

Kule juu behewa la vioo lilitokeza, liking'aa. Lilikuwa likienda kasi. Lilipokaribia Kona ya Ulimi kucha ziliuma reli, na mlio wake ukateremka bondeni mrefu, mwembamba, ukizidi kuwa mkali bila kukatika. Tulavi alikuwa amesimama pale pale njiani, mkono juu ya karatasi, macho juu, midomo ikitembea. Na hata yeye asingeweza kueleza kama anaomba kucha zishike au zipasuke. Ndipo Kwezile aliporudi, akamshika kwa nguvu kiganjani, akamvuta nyuma ya jabali.